Mstari wa Mdhamini

Katika nyumba ile walikuwamo wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja, wakinywa dawa moja ya dirisha moja, ila aliyekuwa akiumwa mbele ya watu ni mmoja tu. Huyo alikuwa mtoto wa kiume, kinyozi kwa kazi na Kinyozi kwa jina la mtaani. Cheti chake kilibandikwa ukutani sebuleni, ndani ya karatasi ya nailoni ili vumbi lisikichafue: miezi sita ya kunywa methadoni, dawa ya kuachia heroini, bila kurudia unga, muhuri wa kliniki, sahihi ya daktari, na chini kabisa, kwenye mstari wa mdhamini, sahihi ya mama yake, iliyoandikwa polepole kwa mkono wa mtu asiyetaka kukosea. Mgeni aliyeingia alioneshwa cheti kabla hajaoneshwa kiti.

Wa pili alikuwa dada yake, mkubwa wake kwa miaka mitatu. Watu walimwita Fundi, kwa sababu alishona sare za shule kwenye cherehani iliyowekwa ukumbini. Yeye alikuwa amekunywa miezi tisa na hakuna ukuta uliojua. Majirani walichojua ni kwamba Fundi hutoka kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi kupeleka sare kwa wateja, na kwamba kule kukonda kwake kwa zamani kulikuwa ni kifua. Habari zote mbili zilitungwa na mama yao, naye alikuwa amezirudia mara nyingi hata siku nyingine akijisahau alimnunulia bintiye dawa ya kikohozi.

Hakuwa mama mbaya, na hilo lisemwe mapema. Alikuwa ameona kwa macho yake. Siku Kinyozi alipotangaza kwamba anaacha, wanaume wa pale kinyozini walimpa mikono, mmoja akamrudishia kiti chake cha kazi, na mzee wa mtaa akasema kijana amejirudi. Wiki hiyohiyo msichana wa nyumba ya tatu alionekana kwenye geti la kliniki. Kufika jioni alikuwa amepewa majina ambayo hayafai kuandikwa, na mwenye nyumba wake akampa siku saba za kuhama. Mama aliyaweka mambo hayo mawili kichwani, akaamua. Mtoto wa kiume atapona hadharani, wa kike ataendelea kupona kimyakimya.

Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka Wifi alipokuja na mtoto.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mume wa Fundi, karani wa ghala, mtu aliyezoea kuhesabu magunia na kutomwamini anayemwambia yametimia. Ndiye aliyemchukua mtoto wa Fundi, msichana wa miaka sita waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi na maneno, akamlea miaka miwili, akiamini kwamba mama mtu anaugua kifua. Alifika Jumatano jioni na begi moja. Alisema bila kuzunguka kwamba atakaa mpaka Jumamosi aitazame nyumba. Akiridhika, atamwacha Chiriku aanze shule hapo Jumatatu. Asiporidhika atarudi naye, na suala hilo asingependa liguswe tena.

Usiku ule Fundi alilala na mwanawe kitanda kimoja, mkono wa mtoto ukiwa shingoni mwake, na hakuthubutu kujigeuza.

*

Alhamisi asubuhi alikuta Wifi ameshakaa mezani, amevaa, anakunywa chai. Fundi alikuwa na kifurushi cha sare kwapani. Kliniki ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na dirisha la dawa hufungwa saa nne na nusu kamili, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kutisha, ila alipenda kuwahi kabla foleni haijawa ndefu na midomo haijachangamka.

"Wifi, unakwenda wapi asubuhi hii?" mgeni alimuuliza.

"Kupeleka sare kwa wateja."

"Ngoja nivae viatu nikusindikize. Nataka kuwaona hao wateja wanaopokea nguo kabla hawajapiga mswaki."

Fundi alisimama mlangoni na kifurushi chake. Mama alitoka jikoni upesi, akacheka kicheko kisichokuwa na sababu, akasema mgeni hawezi kuachwa peke yake siku ya kwanza, wateja watangoja, kwani sare zina miguu? Kisha akamtazama bintiye kwa jicho ambalo Fundi alilijua tangu utotoni. Kifurushi kikarudi juu ya cherehani.

Ndipo Kinyozi alipoingia, amechana nywele, akaketi. Yeye hakuwa na safari. Mgonjwa mwenye mdhamini hupewa chupa za wiki nzima kila Jumatatu, anazitunza kwenye kisanduku chenye kufuli, na mdhamini ndiye anayekaa na ufunguo. Mama aliufungua ufunguo kwenye fundo la nguo yake, akafungua kisanduku, akatoa chupa ya Alhamisi. Kinyozi aliinywa mbele ya mgeni, akafuta mdomo, kisha akaeleza jinsi alivyokuwa akitetemeka mwaka uliopita hata akamkata mteja sikio. Alikuwa hodari wa kusimulia. Sehemu za kuchekesha alizijua, na sehemu za kunyamaza alizijua pia.

Wifi alisikiliza hadi mwisho, macho yamelowa. "Shemeji," alisema, "mwanamume anayekiri namna hii ni wa kuheshimiwa. Nitawasimulia wenzangu kazini."

Fundi alikuwa akimsuka mwanawe nywele pembeni. Mikono yake iliendelea na kazi. Aliitazama ile chupa tupu mezani, kwa uchungu ambao hakuwa na ruhusa ya kuuonesha, akajiambia kwamba siku moja haiui. Alijua pia sheria ya kliniki, kama walivyoijua wagonjwa wote. Ukikosa siku tatu mfululizo, faili lako linafungwa na unaanza upya na kikombe cha wageni, ile dozi ndogo ambayo haimtoshi mtu yeyote, na wengi wanaoanza upya huishia kurudi walikotoka.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya kuandikisha mtoto shuleni, na mwalimu alitaka mzazi aje mwenyewe saa mbili. Hapo hapakuwa na la kufanya. Walipanga foleni mpaka saa tano, Fundi na Wifi na Chiriku aliyemweleza kila mtu kwamba mama yake ndiye aliyeshona nguo za watoto wote wa pale. Kufikia wakati wa kujaza fomu, Fundi alikuwa akipiga miayo iliyomtoa machozi. Pua ilimchuruzika. Jasho lilimtoka mgongoni huku vinyweleo vimemsimama kwa baridi, na mifupa ya miguu ilimuuma kwa ndani kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Mtaani hali hiyo huitwa arosto. Mwalimu alimpa karatasi ya kufutia pua na kuisogeza mbali kalamu yake.

Walipofika nyumbani alikimbilia chooni kutapika. Alipotoka, Wifi alikuwa amesimama ukumbini kando ya cherehani.

"Nikuulize kama mwanamke mwenzangu," Wifi alisema kwa sauti ya chini. "Ni ya nani?"

"Nini?"

"Mimba."

Fundi alikaa kwenye stuli yake. Angelikuwa na nguvu angecheka. Alisema hana mimba, Wifi akasema sawa, Fundi akaapa, Wifi akasema sawa tena, na kila sawa ilikuwa na ubaridi zaidi ya iliyotangulia. Wifi alikumbusha kuwa kaka yake ametimiza miaka mitatu kaburini na hakuna anayemkataza mjane kuolewa, ila mtoto wa kaka yake hatalelewa na mtu wa kujificha. Kisha akaenda uani kumwogesha Chiriku, na Fundi akamsikia mtoto akisimulia habari za mwalimu mwenye pua kubwa.

Mama alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Alingoja maji yaanze kumwagwa uani, akaingia chumbani kwa Fundi, akafunga mlango, akatoa kitu chini ya nguo. Ilikuwa chupa.

"Kunywa. Ni ya kesho ya kaka yako. Kesho hiyohiyo Wifi anaondoka, Jumapili unarudi kwenye dirisha lako, mambo yamekwisha."

Fundi aliichukua kwa mikono miwili. Alikuwa ameshafungua mdomo wa chupa ndipo macho yake yalipoangukia karatasi iliyobandikwa ubavuni.

"Mama, hii ni ya miligramu mia na kumi."

"Si dawa hiyohiyo?"

"Mimi nakunywa arobaini na tano." Alikifunga kifuniko taratibu. "Nikinywa hii yote nitalala na sitaamka. Wifi atapata sababu nyingine ya kubaki, mazishi."

Mama aliketi kitandani. Dozi ya mwanawe wa kiume aliijua tangu ilipokuwa thelathini. Alikuwapo ilipopanda kuwa sitini, alimpikia supu ilipofika tisini, na siku ya mia na kumi alimuuliza daktari maswali mpaka daktari akamwomba akae chini. Hakuwahi kufikiri kwamba na hii nyingine ina namba yake.

"Arobaini na tano tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa nne."

Mlango ulifunguliwa kidogo. Kinyozi alisimama kizingitini. Fundi alimwambia mama yake kwamba anaweza kupima kijiko kwa kijiko, achukue chake tu, kinachobaki kiwe cha kaka yake. Aliyasema hayo huku akimtazama Kinyozi. Kinyozi aliitazama chupa.

"Mimi sikatai," alisema. "Ila nikipungukiwa, dada, kesho ni Jumamosi. Nina vichwa ishirini, na wembe mkononi."

Alikuwa mtu mwema na alikuwa anaogopa, na siku ile woga ulimshinda wema kwa kidogo sana. Fundi hakubishana naye. Aliinuka, akamshika mkono, akamwekea chupa kiganjani na kumkunjia vidole juu yake. Kinyozi aliondoka nayo bila kuinua uso.

*

Jumamosi Fundi alizinduka jua limeshapanda. Hakukumbuka kulala. Saa ya ukutani ilionesha saa tatu na dakika arobaini, na sebuleni Wifi alikuwa anakunja nguo za Chiriku na kuziingiza begini, moja baada ya nyingine, kwa ule utaratibu wake wa ghalani. Kinyozi alikuwa amekwisha kwenda kazini. Mama alisimama kati ya sebule na jikoni, ameshika mwiko usiokuwa na kazi.

"Sina ugomvi na mtu," Wifi alisema. "Nimeangalia, nimeona. Wifi yangu anaumwa na hataki kusema anaumwa nini. Basi, likitoka gari la saa tano, tunaondoka nalo."

"Nani anaondoka?" Chiriku aliuliza.

Fundi alishikilia fremu ya mlango. Alitazama saa, akatazama begi, na hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu mwenye homa. Nusu saa ya kutembea akiwa mzima. Akikaa hapa kumsihi Wifi, dirisha litafungwa na hii itakuwa siku ya tatu. Akienda, huenda akarudi akakuta kitanda kitupu. Alimtazama mama yake, naye mama akatazama mwiko.

"Sina mimba," Fundi alisema. "Ninakunywa dawa ile anayokunywa kaka. Nina siku mbili sijanywa kwa sababu wewe upo."

Alikwenda kwenye cherehani, akavuta droo ya nyuzi, akatoa chini ya mabobini karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya meza. Mama hakuwahi kuiona. Ilikuwa cheti kama kile cha ukutani, karatasi ileile na muhuri uleule, ila tarehe yake ilikitangulia kile cha ukutani kwa miezi mitatu.

Wifi alikisoma kama alivyosoma kila kitu, kuanzia juu. Alikwenda ukutani akasoma na kile kingine, akarudi. Alikuwa amepauka.

"Hapa pa mdhamini pako wazi," alisema.

"Ndiyo."

"Cha kaka yako kina sahihi ya mama." Wifi alimgeukia yule mama, halafu akamrudia Fundi, na sauti yake haikuwa ya kumdhihaki, ndiyo maana iliuma zaidi. "Basi hata aliyekuzaa hakukudhamini. Mimi nikudhamini kwa lipi?"

Fundi alisema kaka yake amekunywa dawa mezani siku zote hizi na kila mtu amempongeza. Wifi akajibu kwamba kaka yake ni mwanamume, hana mtoto mgongoni, akiteleza ameteleza peke yake. Alilisema kama jambo la kawaida, na akaendelea kukunja.

Saa tatu na dakika arobaini na nane. Fundi alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamfunga kifungo kilichokuwa kimefungwa vibaya.

"Nakwenda kunywa dawa. Nitarudi."

"Kifua kinauma?" Chiriku aliuliza.

"Hapana. Sijawahi kuumwa kifua."

Akatoka, bila mtandio, bila kifurushi cha kudanganyia watu. Mama alimfuata mpaka mlangoni, akamwona akishuka barabara ya mtaa huku amejikunja, mkono tumboni, akisimama kwenye nguzo, akiendelea, akisimama tena. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika. Mama alimwona jirani anavyoona. Alikuwa ameogopa macho hayo miezi tisa, na sasa alipoyatazama hasa, yalikuwa macho ya mtu mwenye nguo mbichi mkononi, basi.

Alirudi ndani. Wifi alikuwa amefunga zipu ya begi na kulisimamisha karibu na mlango. Mama aliliangusha kwa mguu, likalala chali, naye akalikalia. Hakuwa mwanamke mwepesi. Kitu kilipasuka humo ndani, pengine chupa ya mafuta ya nywele.

"Mama, nyanyuka," Wifi alisema.

"Sinyanyuki mpaka arudi."

"Tutachelewa gari."

"Litakuwepo jingine."

Wifi alishika mpini akavuta. Begi halikusogea. Chiriku aliona ni mchezo, akaja akakaa mapajani mwa bibi yake ili kuongeza uzito. Mlango ulikuwa wazi na jirani alikuwa palepale kwenye kamba, na Mama hakupunguza sauti. Alisema binti yake hana kifua na hajawahi kuwa nacho, kifua alikitunga yeye. Binti yake alikuwa anatumia unga kama kaka yake alivyokuwa anatumia, akaacha kabla ya kaka yake, peke yake, bila supu ya mtu. Ule mstari ulikuwa wazi kwa sababu mama mtu aliona haya.

"Yeye hakukosa," alisema. "Aliyekosa amekalia begi lako."

*

Fundi alifika pazia la chuma la dirisha likiwa limeshushwa nusu. Muuguzi alimgombeza, kisha akamtazama vizuri, akaacha kumgombeza. Mgonjwa akishakunywa hutakiwa aseme neno, ili ijulikane amemeza na hakuficha dawa mdomoni. Siku zote Fundi alisema asante. Siku hiyo alisema, "Wanamchukua mwanangu," na muuguzi akaweka alama kwenye karatasi kwamba amemeza.

Alirudi saa tano na nusu akitegemea nyumba tupu. Alimkuta mama yake chini juu ya begi, mguu umekufa ganzi, Chiriku kamlalia begani, na Wifi kitini amekunja mikono. Vile vyeti viwili vilikuwa mezani, kimoja kando ya kingine. Cha ukutani kilikuwa kimebanduliwa.

Wifi ndiye aliyeanza. Alisema gari limekwenda na yeye si mtu wa kuvutana begi na wazee. Angeondoka Jumatatu. "Mimi naamini karatasi. Kama Jumatatu kabla ya saa sita cheti chako kitakuwa na sahihi ya mdhamini, mtoto anabaki. Kama pale pako wazi, nakwenda naye, na safari hii hakuna wa kunikalia."

Mama alisema atasaini sasa hivi, aletewe kalamu. Fundi ndiye aliyemweleza, taratibu, kwa kuwa hakutaka kumkata moyo. Sahihi huwekwa mbele ya karani wa kliniki, na sheria yao ni mdhamini mmoja kwa mgonjwa mmoja. Jina lake limeshaandikwa.

Mchana huo Mama alitoka nyumba hadi nyumba. Alikwenda kwa mwenye duka, ambaye Kinyozi alipoanza matibabu alijitolea kumdhamini kabla hajaombwa. Mwenye duka alisema angependa, ila mke wake atauliza ana uhusiano gani na mwanamke huyo. Alikwenda kwa mke wake. Mke alisema mume wake hataki. Jirani wa kamba ya nguo alisema Fundi ni mtu mzuri, sare za watoto wake amezishona yeye, lakini jina lake kukaa kwenye karatasi moja na la mwanamke wa unga, hapana, aelewe tu. Mzee wa mtaa alimwambia aje baada ya wiki mbili. Mama aliwashukuru wote, kama inavyotakiwa, na Jumapili nzima alikaa mezani na vile vyeti viwili mbele yake.

*

Jumatatu waliondoka nyumbani wote, kwa makundi mawili. Wifi na Chiriku na begi walibaki nje ya geti la kliniki, kwa sababu Wifi alikataa kuingia. Ndani, foleni ilikuwa imezunguka jengo: wanaume zaidi ya mia, wengine wakitaniana, wengine wamechuchumaa. Wanawake walikuwa kumi na mmoja, wamejibanza ukutani na mitandio imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Fundi alipopita, mtu alipiga mluzi na mwingine akamuuliza anauza bei gani. Mama hakuwa amewahi kufika hapo zaidi ya ofisini, kwa mlango wa pembeni, akiwa na mwanawe wa kiume. Alisimama akamtafuta kwa macho aliyesema.

"Twende, mama," Fundi alisema. "Ni kila siku."

Karani alikuwa kijana mwenye miwani. Alipokea cheti, akafungua daftari, akalitafuta jina la Mama, akalipata.

"Mama, wewe tayari ni mdhamini."

"Najua. Mfute huyo, uniandike kwa huyu."

Kinyozi alikuwa nyuma yao, amekuja na kisanduku kuchukua chupa za wiki. Kalamu ya karani ilisimama hewani. Alieleza kwamba akimfuta, yule aliyefutwa hatapewa chupa za kwenda nazo, atakunywa hapa dirishani kila siku mpaka apate mdhamini mwingine.

"Mama," Kinyozi alisema, "na mimi je? Asubuhi ndiyo wateja wangu."

Mama aligeuka. Alimpenda mwanawe huyo, akamnyooshea ukosi wa shati.

"Nenda kapange foleni, baba," alisema. "Si mbali."

Karani aliuliza maswali yaliyoandikwa. Uhusiano wako na mgonjwa? Mama yake mzazi. Unajua kipimo chake cha sasa? Mama hakusubiri swali liishe. "Arobaini na tano. Tangu mwezi wa nne." Akainama akasaini, polepole, kwa mkono uleule usiotaka kukosea, na karani akapiga muhuri.

Walitoka getini. Wifi alikichukua cheti, akakisoma kuanzia juu mpaka kwenye wino mbichi, akakigusa kwa kidole, kidole kikachafuka. Kisha akaliweka begi chini miguuni mwa Fundi na kuuachia mkono wa mtoto. Alisema atakuja mwisho wa mwezi bila kupiga simu. Fundi akasema karibu, na alimaanisha, kwani pumzi ilikuwa imemrudi na angeweza kumkaribisha mtu yeyote duniani. Chiriku alitaka kujua kama shule imeshaanza bila yeye.

Walikuwa bado wamesimama pale Kinyozi alipotoka mbio ndani ya geti, kisanduku kikigongana na paja lake, uso umechangamka.

"Mama, nimepata," alisema akihema. "Hata mwisho wa foleni sijafika. Mwenye duka kaja kumwona binamu yake humo ndani, kaniuliza mbona niko huku, nikamweleza. Anasaini kesho. Na mzee mmoja mteja wangu naye kasema yuko tayari. Wawili, mama."

Wifi aliangalia pembeni. Fundi alikuwa ameinama akimfunga mwanawe kamba za viatu, na hakuinua kichwa.

"Dada yako alimngoja mmoja miezi tisa," Mama alisema.

Akalinyanyua begi, akajitwisha, akatangulia njia ya shule.